Sauti ya Wimbo wa Sita

Kwa aliyefungua gazeti leo kwa mara ya kwanza na kunikuta nimekaa sakafuni nimeshika kichwa, nitaeleza kwa ufupi. Wengine wenu aibu yangu mnaijua tangu wiki ya kwanza, nivumilieni.

Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti. Kaka yangu ni mwimbaji wa Radi Kavu, ile bendi ya roki ambayo albamu yake ya kurudi ilichukua miaka kumi na miwili kutoka. Mashabiki walimpa jina la Koo la Chuma. Basi chuma kikaingia kutu. Kinundu kiliota kooni, sauti ikakwaruza, na daktari akapanga kumpasua Alhamisi. Mpaka siku hiyo asipandishe sauti hata kwa kumwita paka. Kinundu kikipasuka chenyewe, alisema daktari, sauti itaondoka nacho na haitarudi.

Albamu tulikuwa tumeshaikamilisha kwa koo lilelile bovu, ikatoka Jumapili. Nikaisikiliza kama shabiki, nimelala kwenye zulia. Ulipofika wimbo wa sita, "Nimechelewa Tu", nikainuka nikakaa. Anayeimba humo si kaka. Ni mimi.

Wasioijua kazi yetu watauliza imekuwaje. Bendi inapotunga wimbo, kabla mwimbaji hajaingia, mtu yeyote aliye karibu huuimba harakaharaka ili mpiga gitaa na mpiga ngoma wajue wimbo unakwenda wapi. Tunaiita sauti ya kuongozea. Ni kama ule uzi wa fundi cherehani wa kushikizia: nguo ikishashonwa, unachomolewa. Mwaka ule tulipoanza, kaka alikuwa safarini, nikaimba mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, niko peke yangu chumbani, hakuna wa kumwonea haya.

Uzi ule sikuuchomoa. Siku ya mwisho nilitakiwa kufunga mstari wangu, yaani njia ya sauti yangu kwenye kompyuta, na kufungua wa kaka. Nikafunga wa kaka, nikafungua wangu. Mtasema nilikuwa kiziwi. Sikuwa kiziwi. Nilikuwa nimeufanyia kazi wimbo ule miaka kumi na miwili huku sauti yangu imo ndani, na sikio lilishaizoea kama mtu anavyozoea harufu ya nyumba yake. Anayenusa ni mgeni.

Hapo ndipo mliponiacha.

Jumatatu asubuhi niliamka nimeshakata shauri. Nitakwenda kwa kaka, nitasema maneno matatu: kaka, si wewe. Kisha anitukane, anipige, yaishe.

Lakini kwanza nikafungua simu nione mashabiki wanasemaje. Ningeiacha chajini siku ile, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwaletea.

"Miaka kumi na miwili tumengoja ng'ombe, wametuletea kwato," aliandika wa kwanza.

"Wimbo wa kwanza nilidhani spika yangu imepasuka," aliandika mwingine. "Nimekwenda kununua nyingine. Kumbe spika ilikuwa nzima."

"Koo la Chuma limekuwa koo la bati."

"Jamani, kuna mwenye risiti yake bado?"

Nikawa nateremka nayo maoni hayo. Halafu nikafika mahali mambo yakabadilika.

"Mmefika wa sita?"

"Nimefika. Nimesimamisha gari pembeni ya barabara, nalia kama nimefiwa."

"Huyu ndiye mwenyewe! Hakupotea, alichelewa tu!"

"Bosi amenikuta nalia kazini. Nikampa hedifoni. Sasa tunalia wawili."

Na wajuzi hawakukosekana. Mmoja alieleza kwa aya saba kwamba nyimbo tano za mwanzo Koo la Chuma aliziimba vibaya makusudi, ili tumwone amezeeka, kisha kwenye wa sita avue uzee kama koti. Nne za mwisho, alisema, ni uzee unarudi. Watu elfu na zaidi walikuwa wamemuunga mkono. Mimi niliyefunga mstari usio wenyewe kwa usingizi, nikasoma aya zote saba na kujiona mtu mwenye akili nyingi.

Nikavaa viatu nikaenda.

Kaka nilimkuta mezani, skafu shingoni, shemeji amesimama nyuma yake na simu anamsomea maoni. Miwani ya kaka ilivunjika mwezi uliopita, hivyo macho yake yalikuwa ni mkewe.

"Huyu anasema mmefanya kazi kubwa," alisoma shemeji.

Nikachungulia begani kwake. Yule alikuwa ameandika kwamba wamefanya kazi kubwa ya kumharibia kumbukumbu za ujana wake. Shemeji akanitupia jicho moja, nikafyata ulimi.

"Na wa sita?" aliuliza kaka. Alikuwa akisema chinichini kwa amri ya daktari, unamsikia kwa kumsogelea.

"Wa sita hawana maneno. Wanalia tu."

Hapo shemeji hakuruka mstari hata mmoja. Alisoma yote, na kila alivyosoma ndivyo mgongo wa kaka ulivyonyooka.

"Ajabu hii," alisema kaka. "Siku ile ya kuurekodi nilikuwa na homa, na vile vidonge vya daktari vilinifanya nione kuta zinaogelea. Nilijiona nakwaruza kama kuku anayetafuta punje. Kumbe nilikuwa naimba."

"Kaka," nikasema.

"Sema, mdogo wangu."

"Kuhusu huo wimbo..."

"Shemeji," mkewe akanikatiza, "hebu njoo unifungulie gesi, mkono wangu hauna nguvu."

Jikoni gesi ilikuwa inawaka. Shemeji akafunga mlango, akaegemea, macho yamejaa machozi.

"Sijui ulitaka kusema nini," alisema, "na sitaki kujua. Kama uliuremba ule wimbo kwa mashine zako, sawa, umeuremba. Usimwambie. Unajua leo amekula mayai mangapi?"

"Mangapi?"

"Mawili. Akaomba la tatu. Mwezi mzima huu nambembeleza na uji kama mtoto. Alhamisi anaingia kupasuliwa, shemeji. Mwache aingie na moyo. Akishatoka na jeraha likapona, mwambie ulichonacho."

Niambieni nyinyi mnaosoma, ningejibu nini? Ilikuwa Jumatatu. Alhamisi haikuwa mbali. Nikajiambia kwamba ukweli si maziwa, hauchachi kwa siku tatu.

"Sawa, shemeji," nikasema.

Akanipa yai moja.

Mchana nikarudi kazini kwangu, kile chumba kisicho na dirisha ninachokiita studio. Nikamkuta mpiga gitaa la besi amekaa kwenye kiti changu. Sisi tunamwita Besi tu, hata mama yake nadhani ameshasahau jina. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kupima maiti kaburi.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi nini?"

"Usinifanye mtoto. Miaka ishirini nimesimama nyuma ya koo lile. Sauti ya kaka yako naijua kwa mgongo. Ile si yake. Ile ni yako ya zamani, ya kuongozea."

Sitaficha, niliona raha. Siri ilikuwa inanichoma, na sasa tuko wawili wa kuungua. Nikamweleza yote, nikamwambia na shauri la shemeji, kwamba nitasema baada ya upasuaji.

"Hutasema kamwe," alisema Besi. "Nyimbo tisa wamezitemea mate. Umesoma? Mimi nimesoma mpaka nikaenda kutapika. Huo mmoja ndio umetubakishia jina. Hayo mafaili yako wapi?"

"Humu kwenye kompyuta."

"Yote? Mstari wako na mstari wake?"

"Yote."

"Yafute."

"Besi..."

"Mtu mmoja akiingia humu akaona mistari miwili, tumekwisha, na kaka yako ndiye atakayekwisha wa kwanza. Unataka asome hayo mtandaoni?"

Nikafuta. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Ilinisihi zaidi ya binadamu yeyote wiki ile, ikaniuliza mara mbili, na mara zote mbili nikasema ndiyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, lakini hawakusema kama atajiletea na ngazi ya kushukia.

Jumanne asubuhi tukaitwa redioni, matangazo ya moja kwa moja. Kaka alikwenda kwa sharti kwamba mimi nitakuwa mdomo wake. Yeye atatingisha kichwa, mimi nitajibu. Shemeji alimfunga skafu mbili.

Mtangazaji alikuwa binti mchangamfu, amevaa fulana ya Radi Kavu iliyofifia mpaka radi yenyewe haionekani.

"Hii niliivaa siku mlipotangaza albamu," alisema. "Nilikuwa darasa la sita."

Kaka akacheka bila sauti.

Simu zikaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa mashabiki. Huyu ni fundi saa, mtu wa makamo, hata barabarani utamkuta na kioo chake cha kukuzia kimening'inia kifuani. Miaka yote kumi na miwili watu walimtania kwamba fundi saa gani asiyejua saa ya bendi yake.

"Koo la Chuma," alisema, sauti inatetemeka, "mimi siwezi kusema mengi. Watu walinicheka. Mke wangu alisema, mume wangu, hawa wamekufa, waombee tu. Nikamwambia hawajafa. Jana nimemwekea wimbo wa sita. Akaniomba radhi. Ni hilo tu. Asante."

Akakata. Kaka akajifuta macho kwa ncha ya skafu. Mimi nilitamani zulia la studio ile linimeze na viatu vyangu.

"Fundi," mtangazaji akanigeukia, "wewe ulikuwepo. Watu wanabishana. Kuna wanaosema wimbo wa sita umeunganishwaunganishwa, vipande mia. Alirudia mara ngapi?"

Nikamtazama kaka. Naye alinitazama kwa hamu, maana siku ile alikuwa na homa, hakukumbuka, na alitaka kujua kama watu wote.

"Mara moja," nikasema.

"Mara moja!"

"Mara moja tu."

"Na mashine haikusaidia popote?"

"Hapana. Hiyo ni sauti kama ilivyotoka."

Neno kwa neno, sikusema uongo. Lakini mwongo ninamjua nikimwona, na kwenye kioo cha chumba kile cha redio nilimwona vizuri sana.

Ndipo kaka akafanya ambalo hakuna aliyelitarajia. Alinyoosha mkono, akavuta maiki kwake. Nikamshika kiwiko, akanipangusa kama nzi.

"Jamani," alisema. Sauti ilikuwa nzito, imejaa mchanga. "Mimi ni mgonjwa, hamkuambiwa. Nilipangiwa kupasuliwa koo keshokutwa. Lakini mwenye koo bovu haimbi vile. Nyinyi mmesikia, mimi nimesikia, mdogo wangu ameshuhudia. Daktari, kama unanisikiliza, asante sana baba. Nafasi yangu mpe mwenye shida. Mimi Jumamosi nitapanda jukwaani niimbe wimbo wa sita mbele ya watu wangu."

Mtangazaji alipiga kelele ya furaha. Nyuma ya kioo mafundi mitambo wenzangu wakainuka, wakapiga makofi. Simu zote za studio zikawaka kwa pamoja.

Simu yangu nayo ilitetemeka mfukoni. Alikuwa shemeji, ameandika neno moja: "Mzuie."

Nitamzuiaje?

Njiani kurudi nilimwambia kaka, daktari alisema kinundu kinaweza kupasuka.

"Daktari hajasikia wimbo wa sita," alinijibu.

Nilimpigia Besi. Akasema tusubiri, pengine kaka ataghairi mwenyewe. Nilimpigia daktari. Akasema hawezi kumfunga mtu mzima kamba na kumburuta kitandani, na akaniuliza huyu ndugu yangu amepata wapi hiyo imani ya ghafla. Nikakata simu.

Jumatano mchana kaka akaanza mazoezi sebuleni kwake.

Mashabiki walikuwa wamepajua nyumbani. Nilipofika walikuwa kama mia hivi nje ya geti, wamekaa chini kwa adabu, wametulia kuliko watu wa msibani. Mwenyekiti wao fundi saa alikuwa anawanyamazisha kwa kidole.

"Shhh. Anapasha koo," aliniambia nikipita. "Mungu akubariki, Fundi. Wewe ndiye uliyetuhifadhia sauti ile."

Ndani, kaka alikuwa amevaa hedifoni, macho amefumba. Anasikiliza kipande, anavua, anajaribu. Kuna pale juu, kwenye kiitikio, "sikupotea" inapopanda kama mtu anayepanda ngazi mbilimbili. Alipofika hapo sauti ilikatika ikawa upepo.

"Tena," alijiambia.

Ikakatika tena.

"Wiki tatu zilizopita niliweza," alisema, "kwa homa, kwa vidonge, mara moja tu. Leo sina homa nashindwa. Huu ni uvivu, si kingine."

Akarudia. Nikasikia kitu kinasagika mle kooni. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya uongo wangu. Kila akishindwa hakusema koo ni bovu, alisema hajajitahidi, kwa sababu ushahidi wa kwamba anaweza ulikuwa masikioni mwake na niliutengeneza mimi.

"Kaka, nyamaza," nikasema. "Si wewe."

"Si mimi nini?"

"Kwenye wimbo wa sita. Ni mimi. Ni ile sauti ya kuongozea, ya mwaka ule uliokuwa safarini. Nilikosea mstari. Wewe uliimba, ni kweli, lakini ilitoka vibaya, na hata hiyo haimo. Aliyemo ni mimi."

Yametoka. Nikangoja nyumba iniangukie.

Kaka aliweka hedifoni mezani. Kisha akacheka.

"Umemsikia shemeji yako?" alimwambia mkewe, aliyekuwa ametokea mlangoni na kikombe cha asali.

Nikamgeukia yeye kwa matumaini yangu yote. Si ndiye aliyeandika nimzuie?

"Shemeji," alisema taratibu, "na mimi nataka asiimbe. Nimelia tangu jana. Lakini usimzuie kwa njia hiyo."

"Ni kweli tupu, shemeji! Wewe mwenyewe ulihisi nimeuremba."

"Kuremba ni kuremba. Lakini sauti yenyewe? Sauti ile ndiyo iliyonichumbia mimi. Alikuwa akiniimbia nje ya dirisha la baba yangu. Leo uniambie siijui sauti ya mume wangu?"

"Sisi ni tumbo moja. Marehemu mama peke yake ndiye aliyekuwa akitutofautisha kwenye simu!"

"Na marehemu mama hayupo," alisema kaka. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Tangu utotoni unavaa viatu vyangu, mdogo wangu. Sikukukataza. Shati langu, baiskeli yangu, nikasema ni mdogo wangu. Sasa unataka na koo?"

Lile liliniingia. Lingekuwa tusi ningelijibu.

"Nionyeshe basi," alisema. "Fungua mitambo yako, niwekee mistari miwili nisikie."

"Nimefuta."

"Umefuta?"

"Niliogopa."

Wakatazamana yeye na mkewe, ule mtazamo wa wazazi ambao mtoto wao amesema mbwa kala daftari.

"Besi anajua!" nikapiga kelele. Nikampigia hapohapo, nikaweka simu wasikie wote. "Besi, niko na kaka. Nimeshamwambia. Mwambie na wewe."

Nikasikia anafunga mlango upande wake.

"Nimwambie nini, Fundi?"

"Kwamba wimbo wa sita ni sauti yangu. Uliniambia Jumatatu!"

"Fundi," alisema Besi kwa huruma iliyonisisimua mwili, "umelala kweli wiki hii? Kaka, mpumzisheni huyo. Amefanya kazi sana."

Akaniruka mchana kweupe, tena kwa sauti ya upole. Simu ikakatika, nami nimebaki nimeishika mbele yangu kama bakuli la kuombea.

"Kuna njia moja," alisema kaka. "Imba."

"Nini?"

"Kama ni wewe, koo unalo. Hakuna aliyelifuta. Imba pale juu."

Nikasimama katikati ya sebule. Shemeji ameshika kikombe, kaka amekunja mikono. Niliwaza, Mungu nisaidie, mara hii tu. Nilipoimba wimbo ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mlango umefungwa, na nilikuwa nimeachwa na msichana wiki ileile. Sasa nina thelathini na mitano, sijaimba hata bafuni.

Nikafungua mdomo. Ilitoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Pale juu sikufika hata robo, nikakohoa.

Nje ya geti mtu akauliza, "Nani huyo anatuharibia? Mnyamazisheni!"

Watu wakacheka. Hata shemeji, na machozi yake, alitabasamu kidogo kisha akaona aibu.

Kaka hakucheka. Alinijia akanikumbatia. Angenipiga ingekuwa nafuu.

"Sikukasirikii," alininong'oneza. "Miaka kumi na miwili uliningoja wewe kuliko wote. Umechoka tu. Kaa hapo, usikilize."

"Kaka, nakuomba. Nakupigia magoti." Na kweli nilipiga magoti. "Nenda kesho kwa daktari. Ukitoka huko niite mwongo maisha yangu yote, nitaitika."

"Kaa," alisema.

Akaenda akafungua madirisha mawili ya sebule, watu wake wasikie. Shangwe ndogo ikapita getini, mwenyekiti akaituliza. Shemeji akageuka, akarudi jikoni. Alisema hawezi kutazama.

Kaka akaanza.

Beti la kwanza aliliimba kwa chini, kwa ule mchanga wake, na nawaambieni lilikuwa zuri. Halikuwa kama langu. Langu lilikuwa la kijana aliyeachwa na msichana. Lake lilikuwa la mtu aliyechelewa kweli. Nikawaza, laiti ningelisikiliza hivi siku ile kazini, ningejua cha kufungua na cha kufunga.

Akafika kwenye kiitikio.

"Nimechelewa tu..."

Akavuta pumzi. Mishipa ya shingo ikasimama juu ya skafu.

"...siku..."

Akapanda. Kwa muda wa kupepesa jicho alifika, naapa alifika. Kisha sauti ikazimika.

Haikukwaruza wala haikupasuka. Ilizimika tu. Mdomo ulikuwa wazi, kifua kinasukuma, na hakuna kilichotoka. Akapeleka mkono shingoni taratibu, akakohoa mara moja kwenye skafu, akaiangalia.

Nje kulikuwa kimya. Watu mia wamenyoosha shingo wanangoja neno limalizike.

Ndipo nikamsikia fundi saa akipaza sauti kwa furaha.

"Anatuachia sisi! Jamani, anatuachia sisi! Imbeni!"

Wakaimba. Wote kwa pamoja, wamesimama, wanapiga geti kwa viganja: nimechelewa tu, sikupotea, nimechelewa tu, sikupotea. Kutoka jikoni nikamsikia shemeji naye ameitikia, anajikaza, akidhani mumewe amefanikiwa.

Kaka akaja mpaka nilipopiga magoti. Akanishika ukosi wa shati. Macho yalikuwa makubwa, na midomo yake ikaanza kunisemesha, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kitu kilekile. Nikasogeza sikio mpaka likagusa mdomo wake.

Nilihisi pumzi tu. Nje walikuwa wanaimba kwa nguvu zao zote, na sikusikia hata neno moja.